Nukta Mbili za Sauti ya Pili

Parklands,
14 Januari 2025

Kwako Mwalimu Wanjugu,

Habari za Kinoo? Mimi naitwa Vidya. Naishi hapa Parklands na kazi yangu ni kunakili nota: mtu akiniletea wimbo ulioandikwa kwa mkono, nauandika upya kwenye kompyuta ili kila mpigaji apate karatasi yake. Jumatano jioni napiga viola, ile fidla ya sauti ya katikati, katika okestra yetu ya watu wa kujitolea. Ciru aliniambia kwamba simu huisikii vizuri siku hizi, kwa hivyo nakuandikia, naye atakuletea barua akitoka kazini Hurlingham. Kiswahili changu ni cha Nairobi, mama, kinachechemea. Utanisamehe.

Okestra yetu ilitangaza kwamba inatafuta nyimbo zilizotungwa hapa nchini na ambazo hazijawahi kuimbwa. Watu walileta nyingi, na nyingi, niseme ukweli, zingebaki tu zilikokuwa. Kisha Ciru akaja na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi sita zilizoandikwa kwa wino wa buluu: "Mvua ya Machi. Wimbo wa shukrani kwa sauti nne. S. Mwaura, Kinoo, Februari 1989."

Mimi nilifundishwa nota za mistari mitano. Hizi solfa za makanisani, herufi na nukta, nilikuwa nazidharau kidogo. Nilikaa nazo kwenye meza ya chakula nikawa nazisoma kwa kidole, polepole, na nilipofika pale soprano wanapoimba "tone, tone, tone" na besi wakawajibu kutoka chini kabisa, nikajikuta nimesimama. Sijui niliinuka saa ngapi. Chai ilikuwa imepoa na mwili ulinisisimka mpaka shingoni. Mwalimu, nimenakili nyimbo miaka ishirini na mitatu, na jambo hilo halijanitokea hata mara tatu.

Tunataka kuuimba tarehe 29 Machi, katika lile kanisa la mawe katikati ya mji, kwaya na okestra pamoja. Itakuwa mara ya kwanza kabisa wimbo huu kusikika popote. Nikifikiria hivyo naogopa kidogo, kwa uzuri.

Swali langu ni moja. Ukurasa wa nne, pale mvua inapoanza kunyesha kwelikweli, mstari wa sauti ya pili uko mtupu. Vipimo kumi na viwili, hakuna herufi hata moja. Je, kuna karatasi nyingine iliyobaki nyumbani?

Wako kwa heshima,
Vidya

*

Kinoo,
19 Januari 2025

Kwa Bi. Vidya,

Barua yako nimeipata. Kabla ya kukujibu nilimalizana na Ciru kwanza, maana sanduku la baba yake alilifungua mimi nikiwa shambani navuna maharagwe, na hakuomba. Amesema alisahau. Mwanamke wa miaka arobaini na minne amesahau kuomba ruhusa. Haya, hilo limepita.

Umefanya vizuri kuandika. Simu inanivumia tu sikioni, na mambo ya karatasi afadhali yazungumzwe kwa karatasi. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mitano, kwa hivyo makosa yako ya Kiswahili nimeyaona, nimeyahesabu na nimeyasamehe.

Mwaura alikuwa mume wangu. Alifundisha darasa la saba na kuongoza kwaya ya kanisa letu hapa Kinoo, na alifariki mwaka wa 2010. Piano hakuwahi kuigusa. Nyimbo alizitunga akikata majani ya ng'ombe, anarudi nazo mdomoni, haongei na mtu mpaka aziandike. Unasema ulijikuta umesimama. Usidhani ni wewe tu. Watu walikuwa wakimaliza mazoezi yake wanabaki wamekaa kwenye viti, mpaka mlinzi awakumbushe kwenda nyumbani.

Sasa nikufundishe kitu, kwa kuwa solfa ulizidharau. Hicho unachokiita kipimo, sisi tunakiita chumba. Ile mistari ya kusimama ni kuta zake. Ndani ya chumba kuna mapigo manne, na mapigo yanatenganishwa kwa nukta mbili, moja juu ya nyingine. Ukiona herufi, imba. Ukiona kistari, shikilia sauti uliyonayo. Usipoona kitu, nyamaza. Lakini hata ukinyamaza, nukta mbili zipo pale pale, maana kimya nacho kinahesabiwa, la sivyo hutajua wakati wa kurudi. Nilikuwa napiga rula mezani mpaka hata mtoto mzito aelewe.

Hakuna karatasi nyingine. Mahali hapo sauti ya pili wananyamaza. Ndivyo alivyotaka na ndivyo alivyoandika. Wimbo nawapa, uimbeni, lakini pale usijaze kitu.

Ni mimi,
Wanjugu, Mama Ciru

*

Parklands,
30 Januari 2025

Mwalimu wangu,

Asante kwa ruhusa, na asante kwa somo. Sasa acha nikiri kosa kabla Ciru hajanitangulia. Barua yako imenifikia leo tu, ikanikuta nimeshajaza. Mikono yangu haijui kuona shimo ikaliacha. Nilidhani karatasi moja imepotea, nikatunga mstari wa sauti ya pili kwa kanuni nilizofundishwa, nikawagawia waimbaji, na jana wakaufanyia mazoezi.

Nikueleze ilivyokuwa, maana hukuwepo na ulistahili kuwepo. Anayetuongoza anaitwa Kitavi, mtu mrefu wa Machakos, hacheki ovyo. Aliinua mkono, fidla zikaanza kudonoa nyuzi kwa ncha za vidole, ile sauti ya matone ya kwanza kwenye mabati. Halafu wakaingia besi, watu kumi na wanne, na sakafu ya mbao ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Mama mmoja wa soprano alishindwa kuendelea, akawa anajipangusa macho kwa karatasi ya nota. Kitavi akasimamisha kila kitu, akauliza huyu Mwaura alisomea muziki wapi. Nikamwambia alisomea kwenye majani ya ng'ombe. Hakuna aliyecheka.

Ila tulipofika ukurasa wa nne kitu kikapungua. Mstari wangu ni safi, hauna kosa, na hauna maisha. Nimeusikia mwenyewe. Viola ndiyo sauti ya pili ya okestra. Sisi watu wa katikati hakuna anayetusikia mpaka tukosekane, kwa hivyo kazi hiyo naijua. Nitaufuta ukisema nifute.

Lakini niruhusu niulize, na tafadhali usikasirike. Mvua imeanza, kila mtu anafungua mdomo. Kwa nini mtu aliyejua kutunga namna hii awaambie sauti ya pili wanyamaze hapo?

Mwanafunzi wako,
Vidya

*

Kinoo,
4 Februari 2025

Vidya,

Nimekasirika. Nilikwambia usijaze.

Umeuliza kwa nini. Swali hilo nimelijibu kichwani miaka thelathini na sita bila mtu kuniuliza, kwa hivyo wacha nilijibu kwa kalamu mara moja tu, halafu tusilirudie. Katika nyimbo zote za Mwaura, hata zile zilizomletea vikombe, sauti ya kwanza ni yake, ya tatu ni yake, ya nne ni yake. Ya pili ni yangu. Hiyo alikuwa hawezi kabisa kuisikia kichwani. Alikuwa anakuja jikoni ananiimbia soprano, mimi naosha vyombo, na mimi naingia chini yake na chochote kinachonijia, naye anaandika haraka kabla sijasahau. Kwenye karatasi liliandikwa jina moja. Sikujali. Mimi na yeye tulikuwa kitu kimoja.

Agosti 1988 tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano. Watu arobaini kanisani. Nikaimba mahali fulani tofauti na ilivyoandikwa, kwa sababu siku hiyo nilisikia njia nzuri zaidi. Yeye alitaka iwe kama karatasi, maana waamuzi wangekuwa nayo mkononi. Akapiga meza, akasema mbele ya wote, "Wanjugu, nyamaza."

Nikachukua kikapu changu nikaenda nyumbani. Nikapika, akala, na neno hilo hatukulizungumza siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Tuliishi vizuri, usifikirie vingine. Tulisomesha watoto, tukajenga, tukazika wazazi pamoja. Lakini kwaya sikurudi, na jikoni sikuimba tena.

Mvua ya Machi tulikuwa tumeianza kabla ya siku hiyo. Mwanzo wake niliuimba mwenyewe jikoni, na mwisho unarudia mwanzo. Ukurasa wa nne ndio aliutunga baadaye, peke yake. Nilipouona, wengine wote amewapa cha kuimba, mimi ameniandikia kimya. Aliona kulisema kwa mdomo hakutoshi, akaliweka kwa wino. Na sasa mnataka kulipeleka mjini. Watu wenu hawatajua maana yake, lakini mimi nitajua, nikiwa nimekaa hapa nyumbani kwangu siku hiyo.

Nimeghairi. Mpe Ciru karatasi zangu zote sita azirudishe.

Wanjugu

*

Parklands,
7 Februari 2025

Mama Ciru,

Karatasi zote sita zimo katika bahasha hii. Pole sana. Ningejua, nisingeuliza kwa wepesi ule. Mstari niliotunga nimeufuta. Kitavi nimemwambia umeghairi. Alisema ni haki yako, ila ataiacha nafasi ya wimbo kwenye programu mpaka siku ya mwisho.

Sasa kuna jambo, na nikilificha nitakuwa mwoga. Kwa mazoea ya kazi huwa sirudishi karatasi ya mtu bila kuipitia mara ya mwisho kwa kioo cha kukuza. Nilikaa nazo dirishani leo asubuhi.

Tafadhali vaa miwani ufungue ukurasa wa pili. Watu wa tena, ile sauti ya tatu, wananyamaza vyumba vitatu. Angalia, kila chumba kina nukta mbili zake, zote zimo. Ukurasa wa tano besi wananyamaza chumba kimoja, na nukta mbili zimo. Sasa rudi ukurasa wa nne, sauti ya pili. Vyumba kumi na viwili, na nukta mbili hakuna hata mahali pamoja. Amechora kuta tu. Mtu ambaye hakukosea nukta popote katika kurasa sita, amesahau kuhesabu mapigo arobaini na nane mfululizo?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kimya kinahesabiwa. Hiki hakikuhesabiwa, mama. Basi si kimya.

Halafu nimepima kwa rula. Vyumba vya ukurasa huo ni vipana karibu mara mbili ya vingine, mpaka wimbo umelazimika kuingia karatasi ya sita kwa mistari miwili tu. Mimi kazi yangu mchana kutwa ni kupima nafasi. Hakuna mnakili anayepanua chumba kisichokuwa na mtu wa kuingia. Anayenyamaza hahitaji nafasi. Unambana pembeni na karatasi inatosha.

Mwalimu Mwaura sikumjua. Lakini ninachokiona hapa ni mtu asiyeweza kuisikia sauti ya pili kichwani. Ameandika yote aliyoyaweza, na alipofika hapo akaacha nafasi kubwa ili mtu fulani aje aimbe, naye aandike haraka.

Sitakusumbua tena.

Vidya

*

Parklands,
5 Machi 2025

Mama Ciru,

Nilisema sitakusumbua. Nimeshindwa.

Ni karibu mwezi sasa. Ciru ananiambia mko salama na hasemi zaidi, ila jana amenong'ona kwamba ulimtuma penseli na kifutio. Sitaki kuuliza ni za nini. Nakujulisha tu kwamba nafasi kwenye programu bado ipo, na kwamba kwaya huimba ukurasa wa nne kila Jumatano kwa sauti tatu, bila kuambiwa na mtu, baada ya mazoezi kwisha.

Vidya

*

Kinoo,
10 Machi 2025

Vidya mwanangu,

Barua yako ile ya Februari niliisoma nikaitupa mezani. Nikasema, huyu msichana juzi alikuwa hajui solfa, leo ananifundisha. Karatasi sikuzitazama wiki mbili. Halafu Jumanne moja kulikuwa na jua zuri, nikatoa kiti nje nikavaa miwani. Nikaanza na ukurasa wa pili kama ulivyosema. Kisha wa tano. Kisha wa nne. Nilihesabu mara nne, mara ya mwisho kwa kidole.

Sasa nitakwambia kitu ambacho hata Ciru hajui. Wimbo huu sikuukuta sandukuni baada ya yeye kufa. Niliuona siku alipoumaliza. Nilitoka sokoni nikakuta karatasi zimewekwa mezani upande wangu, pale ninaposahihishia madaftari. Ukurasa wa nne ulikuwa juu, na juu yake ameweka penseli. Ilikuwa imechongwa. Yeye alikuwa nje anajifanya anarekebisha ua. Nikatazama, nikaona mstari wangu mtupu, na damu ikanipanda. Nukta mbili sikuzitafuta. Nikakusanya karatasi nikazirudisha sandukuni, na ile penseli nikasahihishia hesabu za darasa la nne. Akaingia, akaangalia meza, akaniangalia mimi. Akanawa mikono, akauliza kama chai iko tayari.

Vidya, Mwaura aliandika kwa wino maisha yake yote. Ile penseli ilikuwa yangu.

Miaka ishirini na mmoja aliishi na jibu hilo. Yeye alidhani nimekataa, mimi nilidhani amenifukuza, na tulikuwa tunakula meza moja. Nimelia, sitakuficha. Na nimemgombeza pia, kwa sauti, hapa hapa jikoni, kwa sababu alikuwa na mdomo na angeweza kusema. Ciru alidhani nimepata mgeni.

Halafu nikaanza. Sikujua pa kuanzia ila pale tulipoachia, kwa hivyo nikajaza karai maji, nikawa naosha vyombo vilivyo safi na kuimba soprano yake. Sauti yangu imekauka, inakatika katikati. Siku nne hakuna kitu. Siku ya tano nilikuwa nasugua sufuria ya ugali nikasikia nimeshuka chini ya soprano bila kukusudia, na ikaendelea yenyewe. Nilikimbilia penseli na mikono yenye povu. Nilikuwa naandika na kuogopa, kwa sababu ilikuwa inakuja kama zamani na hakuna aliyekuwa ameniita.

Vyumba kumi na kimoja hivi hapa, na nukta mbili zake zote. Nenda ukawape. Nimeruhusu tena, na safari hii sighairi.

Chumba cha kumi na mbili nimechora kuta tu. Usikijaze. Sasa unajua kusoma.

Wanjugu

*

Parklands,
31 Machi 2025

Mama,

Nimeanza barua hii mara tatu tangu Jumamosi. Nilipokuwa mdogo baba yangu alikuwa akituambia tusiongee tukitoka kusikiliza muziki mkubwa, mpaka tufike nyumbani. Nimefika nyumbani siku mbili sasa na bado naona vibaya kuongea.

Wewe ulikuwa kiti cha pili mstari wa pili, kitambaa cha buluu kichwani, Ciru pembeni yako. Mimi nilikuwa na viola yangu nikikuona kupita bega la Kitavi. Nikueleze kilichoonekana upande wetu.

Mstari wako uliwasumbua akina mama wa sauti ya pili mazoezini, kwa sababu haufuati kanuni hata moja niliyofundishwa. Chumba cha tano unapanda mpaka unawapita soprano. Mwalimu wangu wa zamani angepaka wino mwekundu hapo. Jumamosi walipopanda, Mama, mvua ikaanza. Siwezi kusema vingine. Matone yalikuwa yamedondoka kurasa tatu, tukadhani tumeshasikia mvua, kumbe ilikuwa haijanyesha. Mpigaji wa fidla kubwa ya besi aliye nyuma yangu ni mtu mzima, mhasibu, na nilimsikia akivuta pumzi kama mtoto.

Halafu chumba cha kumi na mbili. Kitavi alikuwa ameniuliza afanye nini hapo. Nilimwambia, ngoja. Akaniuliza mapigo mangapi. Nikamwambia hayajahesabiwa.

Akina mama wakanyamaza. Wengine tukashikilia, na Kitavi akabaki mkono juu, hasogei. Mapigo manne yakapita. Sita. Manane. Upinde wangu wa viola ulikuwa unaelekea kwisha, soprano wanaiba pumzi kwa zamu, na nikasema moyoni, haimbi, tumemwonea mama wa watu.

Ndipo ukaimba. Hukusimama hata. Umekaa, mikono juu ya mkoba, sauti ya chini, imekatika mara moja ikajiunga. Kila aliyekuwa mle ndani, hata asiyejua muziki, alikuwa anajua mahali pa kutua. So. Wewe ukaja na la, sauti iliyo juu ya so. Ukakaa hapo juu kidogo ya nyumbani, hushuki, na sisi sote tunakungoja na upinde umebaki vidole viwili. Kisha ukashuka, nasi tukaenda na wimbo mpaka mwisho.

Nimepiga muziki katika kumbi nyingi na sijawahi kusikia watu mia tano wakikosa kupiga makofi kwa muda ule. Mtu mmoja alikohoa akaona aibu. Kitavi aliteremsha mkono polepole, na nilipomwona usoni nikaangalia pembeni.

Nina maswali mawili. Ulijuaje wakati wa kuingia? Na sasa naandaa nakala ya kuchapwa, ili kwaya nyingine ziuimbe. Nikuandike vipi juu ya ukurasa wa kwanza? Naona ni haki liwe jina la wawili.

Mwanao,
Vidya

*

Kinoo,
6 Aprili 2025

Vidya mwanangu,

Nimefika salama na nimepumzika. Ciru amenipikia siku nzima bila kugombana, kwa hivyo najua nilimtisha. Na hiyo mvua mliyoinyesha mjini haikufika huku. Kinoo bado ni vumbi.

Umeuliza nilijuaje. Kusikia sikuwa nasikia sawasawa, kanisa lile la mawe linachanganya sauti zote zikawa moja, na masikio yangu unayajua. Nilikuwa nahesabu. Tangu mwanzo wa ukurasa wa nne nilikuwa nahesabu kwa kidole juu ya mkoba, na nilipoona yule mrefu amebaki mkono juu, nikajua ndiyo sasa. Nikaendelea kuhesabu tu. Nikasema, acha wangoje kidogo. Mwenzao alingoja zaidi ya hapo.

Ile la sikuipanga. Nilikuwa nimekuja na so yangu, nimeifanyia mazoezi na sufuria. Nilipofungua mdomo nikaona nikishuka tu, ukurasa wetu utaisha, na sikutaka uishe. Ndiyo maana nilikaa pale.

Kuhusu jina, juu andika Mwaura, kama alivyoandika mwenyewe. Mbele ya mstari wa sauti ya pili, mahali penu pa kuandika "alto", andika "Wanjugu". Mtu mwingine akiimba hapo aimbe ajue ni nyumbani kwa nani.

Leo nimeenda kanisani, na baada ya ibada nikabaki kwenye mazoezi ya kwaya. Anayeongoza siku hizi ni Nzisa, nilimfundisha darasa la tatu. Akaniuliza kwa adabu, kama mjukuu kwa nyanya yake, "Cucu, umekuja kusikiliza?" Nikamwambia nimekuja kuimba. Akanisogezea kiti.

Niliporudi nikatoa zile karatasi sita. Kile chumba cha mwisho nikakitia nukta mbili zake, nikaandika la, nikatia kistari, kistari, halafu so. Nikaziweka mezani, upande wake safari hii, ukurasa wa nne juu, na penseli juu ya ukurasa. Nikatoka nje nikajifanya naangalia ua. Nimekaa huko mpaka chai. Niliporudi zilikuwa pale pale, nikazirudisha sandukuni zikiwa zimejaa.

Mama yako wa Kinoo,
Wanjugu